Usiniletee faili la Mbeya kwenye Hilux ya Dar

Kijana mmoja kaja gereji na Hilux ya 2001, injini 3RZ. Kontroboksi la asili limeshazikwa, bodi imeliwa na kutu, kwa hiyo kafunga Speeduino, kompyuta ya injini ya kujijengea. Waya zimepangwa vizuri, hakuna mikato ya ovyo wala selotepu ya kujiombea dua, mpaka nikamsifu. Halafu akatoa simu. Binamu yake yuko Mbeya, ana Hilux kama hiyo, na faili lake, yaani namba zinazoiambia kompyuta imwage mafuta kiasi gani na iwashe plagi lini, "linatembea balaa". Akaniambia, "Fundi, we nipakie tu hili. Injini si ni ileile?"

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, siku hizi hasira inatangulia salamu. Watu wananunua kompyuta, wananunua waya mpya, wananunua hata stika ya kioo cha nyuma. Ikifika ile sehemu inayoifanya kompyuta ijue iko kwenye gari gani, yaani kutyuni, ghafla hela imeisha, na mtu mzima anageuka ombaomba wa mafaili.

Nianze na hilo la Mbeya, maana ndilo linaloua injini. Ndani ya faili, jedwali la mafuta lina vyumba 256, kumi na sita kwa kumi na sita. Upande mmoja mizunguko ya injini, upande wa pili mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi, kwa kilopaskali. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje kule inacheza kwenye kilopaskali 83 hivi. Kanyaga mafuta mpaka mguu ugonge bati. Injini isiyo na turbo haivuki hapo. Kwa hiyo binamu kazunguka Mbalizi na Uyole, katyuni vizuri tu, simlaumu, lakini mistari ya 90, ya 95 na ya 100 hajaigusa hata siku moja. Hawezi kuigusa. Namba zilizomo ni zilezile alizozikuta kwenye faili alilopewa na mtu mwingine, ambaye naye alipewa.

Sasa lishushe hilo faili Dar, ambako hewa ni kilopaskali 101. Pakia saruji, elekea Pugu, kanyaga. Injini inaingia moja kwa moja kwenye mistari ambayo hakuna binadamu aliyeipima. Na ndiyo mistari yenye hewa nyingi kuliko yote na joto kali kuliko yote. Mafuta yakipungua kidogo hapo, au moto wa plagi ukiwahi kidogo, mchanganyiko unajilipukia wenyewe na unasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Ukiusikia una bahati. Kwenye Hilux ya zamani vioo viko wazi, redio iko juu, na kila bawaba ina lake la kusema. Wengi hawasikii kitu mpaka injini inoki, kisha wanasema Speeduino ni mbovu.

"Mbona la binamu linatembea?" Linatembea kwa sababu liko Mbeya!

Na kuna jingine la milima ambalo wenye pikapu za safari wangepaswa kulijua. Nyingi ya hizi kompyuta, usipozifungia sensa ya pili kwa ajili ya hewa ya nje, zinapima hewa hiyo unapowasha switchi tu, halafu zinaishika namba hiyo safari nzima. Umewasha Mikumi, ukapanda Kitonga bila kuzima, unaingia Iringa kompyuta bado inaamini uko bondeni. Iliyopangwa kupima mgandamizo wa manifodi inavumilia. Iliyopangwa kuangalia pedali peke yake inamwaga petroli hadi moshi unakuwa mweusi, na dereva anaambiwa abadilishe plagi. Sensa ya pili ni kitu kidogo sana. Hakuna anayeinunua, kwa sababu haibandikiki kwenye kioo cha nyuma.

Nozeli sitazisemea sana. Za binamu zimesafishwa lini? Ni za namba gani? Pampu yake inasukuma presha kiasi gani? Yakitofautiana hayo, jedwali zima limehama.

Moto wa plagi nao. Kabla sijagusa namba yoyote ya mafuta naiambia kompyuta ishikilie digrii 10, kisha namulika puli kwa taa ya timingi. Puli ikisoma 18, basi kila namba kwenye jedwali la moto ni uongo wa digrii 8. Kompyuta inaonyesha 10 kwenye skrini kwa utulivu kabisa, haina habari, inaamini pembe ya sensa ya krenki uliyoijaza wewe. Sensa ya binamu imefungwa kwa mkono wa fundi mwingine, kwenye breketi nyingine. Kuhakiki hilo ni kazi ya dakika chache, na ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote, kwa sababu taa ya timingi siku hizi inaonekana ni kitu cha wazee wa kabureta.

Halafu kuna mafundi wanaotyuni kwa sikio. Hawa nawaheshimu kwenye kabureta. Kwenye jedwali la vyumba 256, hapana. Na sensa ya oksijeni iliyokuja na gari haisaidii sana. Ile inajua kusema "yamezidi" au "yamepungua", basi. Ukipanda mlima na mzigo unataka mchanganyiko wa hewa 12.5 kwa petroli moja hivi, siyo 14.7, na hapo sensa hiyo inakuambia tu yamezidi. Yamezidi kiasi gani, haijui. Unahitaji waidibendi, sensa ya oksijeni inayotaja namba yenyewe. Ukiwa na waidibendi unaona namba ikitembea wakati gari linapanda, na unajua chumba gani cha kurekebisha.

Nayo inadanganyika, nikiri hilo kabla hamjaniandama. Eksozi zetu zimechomelewa mara ngapi? Ufa mdogo kwenye manifodi ya eksozi, kabla ya sensa, unavuta hewa ya nje, sensa inasoma mafuta yamepungua, nawe kwa nia njema unaongeza. Unaongeza tena. Mwisho plagi zimejaa masizi na mchoro kwenye laptopu unapendeza kweli. Kwa hiyo siku ya kutyuni inaanzia chini ya gari, injini ikiwa baridi, unapitisha mkono kwenye kila maungio na kusikiliza pumzi inayotoka. Gasketi imechoka? Hatuwashi laptopu.

Sasa, haya, faili la mtu lina kazi yake. Linawasha injini kwa mara ya kwanza. Gari litanguruma, litaondoka gereji, litafika hata Kimara. Sina ugomvi na mchango huo, nami nina mafaili ya kuanzia kwenye laptopu yangu na ninayatumia kila mara. Na uzuri wa Speeduino ni huohuo wa kugawana: michoro iko wazi, inakaa juu ya bodi ya Arduino Mega, mtu wa Temeke anaweza kujengewa kompyuta ya injini bila kuuza shamba. Kinachoniudhi ni mtu kuona kompyuta imekuwa rahisi akadhani na kipimo nacho kitakuwa cha bure. Na kama kontroboksi lako la asili bado ni zima, liache hapo lilipo. Waliolipanga walipima baridi, joto na milima ambayo mimi na laptopu yangu hatutaifikia.

Mwisho ni mzigo, maana tunazungumza pikapu. Daino, ile mashine ya kupimia gari likiwa limesimama, sina. Barabara ndiyo daino yangu, na pikapu iliyotyuniwa tupu haijatyuniwa. Ikiwa tupu haifiki kwenye mistari ya juu zaidi ya sekunde mbili tatu, namba inaruka kabla hujaisoma. Ikiwa na saruji inapanda polepole, injini inakaa palepale kwenye kazi, unasoma, unarekebisha, unarudi chini, unapanda tena. Mmoja anaendesha, mmoja kashika laptopu. Anayeendesha na kutyuni peke yake kwenye Barabara ya Pugu, malori yale yote yakimzunguka, mimi simpandi gari.

Kwa hiyo mkiniuliza mbona natoza siku nzima kwa "kukaa na kompyuta", bei ni hiyohiyo. Petroli ya kupandia mlima ni ya mwenye gari. Saruji nitaazima kwa jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ila mfuko ukipasuka njiani ni wa mwenye gari pia.