Kuacha kompyuta zikiwaka usiku kucha eti kwa usalama

Kila ikitajwa Wake-on-LAN, ile ya kuwasha kompyuta iliyozimwa kwa kuitumia pakiti kupitia mtandao, watu wa usalama wanakuja juu: ifunge hiyo, ni mlango wa wezi. Basi fundi anaifunga kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, ila kwa kuwa apdeti za usiku bado zinamsubiri anawaambia watu wakitoka wasizime mashine. Hapo ndo nashindwa kuelewa tumeokoa nini.

Piga hesabu. Wiki ina saa 168. Mtu akikaa mezani saa 45 zinabaki 123 ambazo mashine inawaka peke yake. Tuseme inakula wati 50 ikiwa haina kazi, hizo ni uniti 6 na ushee kwa wiki, na mashine zikiwa 100 ni uniti 615 kila wiki zinapasha joto chumba kisicho na mtu! Sasa izime, kadi ya mtandao ibaki na umeme kidogo wa kusikiliza, hata tukisema mashine nzima inavuta wati 2 haifiki robo uniti kwa wiki. Ongeza kuiwasha saa mbili kila usiku kwa ajili ya apdeti, bado hujamaliza uniti moja. Moja kwa sita, nimeirudia hesabu hii mara nyingi na kila nikiirudia inaniuma.

Na hiyo pakiti inayoogopwa ni baiti 102 tu. Sita za mwanzo ni FF tupu (namba kubwa kuliko zote ambayo baiti inabeba), halafu anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, inarudiwa mara 16, basi. Kadi inalinganisha ikiona ni anwani yake inaamsha mazabodi, sawa na mtu kubonyeza kitufe cha pawa. Haibebi paswedi, haifungui faili, mashine ikiamka inasimama kwenye skrini ya kulogin kama asubuhi yoyote.

Wanaopinga wana hoja, siwezi kuificha. Pakiti haina uthibitisho wa maana: MAC sio siri, yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kuituma, na ile paswedi ya SecureOn ambayo baadhi ya kadi zinayo inapita wazi bila kufichwa. Halafu kuna Ryuk, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, vilivyotumia pakiti hizi hizi kuamsha mashine zilizolala ili vizifunge nazo. Huo ni mfano mzito. Lakini fikiria vizuri, Ryuk ilikuwa tayari imeshaingia ndani na haki za admini mkononi, na kama mashine zote zingekuwa zinawaka usiku kucha kama mnavyoshauri, isingehitaji hata kuamsha mtu, ingezikuta macho!

Kwa hiyo cha kulinda ni nani anaruhusiwa kutuma. Toka 1999 na RFC 2644, waraka wa kanuni za intaneti, rauta zinatakiwa zisipitishe brodikasti za kutoka nje (pakiti za kwenda kwa mashine zote kwa mpigo, kama hii ya kuamsha) mpaka uziruhusu mwenyewe, basi usiziruhusu, ingia kwa VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa nje, na acha seva moja ya ndani ndo itume.

Malalamiko ninayoyapa uzito zaidi ni kwamba haiaminiki. Toka Windows 8 kuna Fast Startup, mtu akibonyeza kuzima mashine haizimi kikamilifu na kadi nyingi zinagoma kuamka, hiyo unaizima tu mambo yanakaa sawa. Wi-Fi usiitegemee kabisa. Na umeme ukikatika kabisa ukarudi, baadhi ya kadi hazisikilizi tena, maana ni draiva, programu inayoendesha kadi, ndo huiandaa wakati mashine inazimwa. Dawa ni kuiambia BIOS iwashe mashine umeme ukirudi, halafu mfumo uizime wenyewe vizuri, na kadi inaanza kusikiliza upya.