Fimbo ya mbali: nani analipia timu isiyokaa pamoja?

Mwaka jana kijana mmoja wa timu yetu alikwama siku mbili kwenye kazi ya nusu saa. Yeye yuko Mwanza, mimi niko Dar es Salaam, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu kazini. Asubuhi aliandika kwenye kundi la WhatsApp, "Naendelea." Jioni akaandika, "Bado kidogo." Siku ya tatu nikampigia, akanionyesha skrini yake, na ndani ya dakika tano nikaona tatizo: alikuwa anafanyia kazi faili la mwezi uliopita. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Samahani dada, niliogopa kukusumbua. Niliona una vikao mfululizo."

Ofisini jambo hilo lisingefika saa sita mchana. Mtu angepita nyuma ya kiti chake, angemwona amejishika kichwa, angeuliza vipi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mameneja wanaotaka watu warudi ofisini wanasema hilohilo kwa maneno yao. Mimi naongoza timu iliyotawanyika na sitaki irudi chini ya paa moja. Lakini tangu siku ile nimeacha kuwabeza wanaotaka hivyo.

Mjadala huu mara nyingi hufanywa kwa kutajiana makampuni makubwa. Septemba 2024 Andy Jassy, mkuu wa Amazon, aliwatangazia wafanyakazi wake wa maofisini kwamba kuanzia Januari 2025 watarudi siku tano kwa wiki, kwa hoja kwamba watu hujifunza, hubuni na hushirikiana kwa urahisi zaidi wakiwa pamoja. Upande wa pili hutajwa GitLab, kampuni ya programu ambayo watu wake hufanya kazi kutoka majumbani katika nchi nyingi, na ambayo iliingia soko la hisa Oktoba 2021 ikiwa hivyohivyo. Mifano hii haitufikishi mbali. Kampuni yenye fedha nyingi inaweza kufanikiwa kwa njia yoyote iliyochagua. Afadhali tutazame pale ambapo watu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine nyumbani, wengine ofisini, kisha kazi ya kila upande ikapimwa.

Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika Shanghai kuanzia mwishoni mwa 2010, kwenye kituo cha simu cha kampuni ya usafiri ya Ctrip, likiongozwa na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake. Waliojitolea na kutimiza masharti walikuwa 249. Waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: wenye shufwa wakaenda nyumbani, wenye witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, kazi ya walio nyumbani ilikuwa imepanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi miongoni mwao walikuwa nusu ya wale wa ofisini.

Jaribio la pili halijulikani sana, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi kwa sababu mazingira yake yanafanana na yetu. Lilifanyika Chennai, India, na matokeo yake yalitolewa 2023 na wachumi David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde. Watu waliajiriwa kuingiza data kwenye kompyuta, kisha wakapangiwa mahali kwa bahati nasibu. Walioangukia nyumbani tija yao ilikuwa chini kwa asilimia 18. Theluthi mbili ya pengo hilo ilionekana tangu siku ya kwanza. Iliyobaki ilikuja polepole, kwa kuwa wale wa ofisini walijifunza haraka zaidi.

Sasa ni nani mkweli, Shanghai au Chennai? Wote wawili, na jibu limo kwenye masharti. Kule Ctrip, ili uruhusiwe kukaa nyumbani ilibidi uwe umeshafanya kazi hapo miezi sita au zaidi, uwe na chumba chako na intaneti ya kasi. Siku moja kwa wiki ulikwenda ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu, nayo ilijihesabu: mtambo uliandika simu ngapi, dakika ngapi, oda ngapi. Wale wa Chennai walikuwa wageni kabisa, na baadhi yao walikuwa na majukumu ya kulea huko nyumbani. Kwa hiyo swali la "nyumbani au ofisini" linaficha maswali mengine matatu: mtu huyu ameshaijua kazi? Ana mahali pa kukaa akaifanya? Na je, wewe kiongozi unajua kazi yake ikikamilika inaonekanaje?

Kuna takwimu moja ya Chennai iliyonigusa zaidi. Waliotaka zaidi kufanyia kazi nyumbani ndio ambao nyumbani paliwashusha zaidi: asilimia 27, wakati waliopendelea ofisi walishuka kwa 13. Na si wazembe. Walipopimwa mwanzoni, hao waliotaka nyumbani ndio waliokuwa na kasi na usahihi zaidi. Kwa sehemu, pengo hilo lilitokana na wenye watoto au watu wengine wa kuangalia, na waliotoka kaya maskini zaidi. Watu kama hao hutaka nyumbani kwa sababu hawana namna nyingine.

Ninawajua dada zangu wa namna hiyo, na nimewahi kuwa mmoja wao. Umefungua kompyuta, mtoto analia, mgeni amebisha hodi, na shangazi anakuomba ukamchukulie mzigo stendi. Ukisema uko kazini anakushangaa: "Kazini wapi, si uko nyumbani?" Meneja anayempima mama huyu kwa nukta ya kijani inayoonyesha nani yuko hewani atamwona mvivu. Mwingine atamwachia apange saa zake, alfajiri kabla nyumba haijaamka na usiku ikishalala, mradi kazi ifike Ijumaa. Huyo atapata mfanyakazi bora kuliko wengi. Hapo ndipo ninaposimama upande wa kazi ya mbali bila kusita: ofisi ya siku tano ingemtoa mama huyu kwenye ajira kabisa.

Ila asiyekuwepo na lake halipo. Hata kule Shanghai, ukilinganisha watu wenye matokeo sawa, walio nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wenzao. Jaribio lilipokwisha na watu wakapewa uhuru wa kuchagua, karibu nusu ya walio nyumbani walirudi ofisini, wengi wakilalamikia upweke. Kiongozi akiwa na timu nusu ofisini na nusu nyumbani, dhuluma hii hutokea bila yeye kukusudia. Ukipata kazi nzuri ya haraka unampa aliye mbele yako. Mimi nimefanya hivyo. Nilipopitia miezi sita ya kazi nilizogawa, nikakuta karibu zote za kuonekana na wakubwa zilikwenda kwa watu wawili ninaokutana nao Dar es Salaam.

Dawa yake, kwa kiasi kikubwa, ni kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya mbali ni mali ya namna hiyo. GitLab wana mwongozo wa kazi wa kurasa zaidi ya elfu mbili, na umewekwa wazi mtandaoni kwa yeyote kuusoma: nani anaamua nini, likizo inaombwaje, kikao kinaitishwa lini na lini hakiitishwi. Hatuhitaji kurasa elfu mbili. Lakini kila kazi inayotoka kwangu sasa ina mistari minne: tunataka nini, tutajuaje kwamba imekamilika, inatakiwa lini, na ukikwama kwa saa mbili umpigie nani. Ule mstari wa nne umezaliwa Mwanza.

Faida ya maandishi niliiona Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Timu iliyoishi kwa vikao vya video ilisimama. Sisi tulikuwa tumeshashusha maelezo ya kazi za wiki, tukaendelea kwa simu za kawaida na ujumbe mfupi, kwa taabu lakini tukaendelea. Hata saa zetu zimetufundisha kuandika vizuri. Niliwahi kuitisha kikao cha "saa 9". Mwenzetu wa Nairobi, aliyezoea saa za Kiingereza, akasubiri peke yake saa tatu asubuhi, na sisi tukaingia saa tisa alasiri tukimlaumu kwa kutokuwepo. Tangu hapo tunaandika "saa tisa alasiri, 15:00", yote mawili, kila mara.

Wapo waajiri wanaoziba pengo la macho kwa programu za kufuatilia, zinazopiga picha ya skrini kila dakika chache na kuhesabu mibofyo. Nawaelewa kwa sehemu: wapo watu wanaoshika ajira mbili kwa wakati mmoja, na anayelipa mshahara ana haki ya kujua analipia nini. Lakini ukipima mibofyo utaletewa mibofyo. Juni 2024 iliripotiwa kwamba benki ya Wells Fargo ya Marekani imewafukuza zaidi ya watu kumi na wawili kwa kuigiza kwamba wanachapa kwenye kompyuta. Walidanganya, sitetei. Ila najiuliza meneja wao alikuwa anangoja nini kutoka kwao kila Ijumaa, kiasi kwamba kazi isiyofanyika haikuonekana hadi kompyuta iseme.

Gharama nayo imehamia nyumbani kimyakimya. Ctrip walikadiria kuokoa karibu dola 2,000 kwa mwaka kwa kila aliyekaa nyumbani, sehemu kubwa ikiwa pango la ofisi. Huku kwetu pango linaokolewa na mwajiri, kisha mfanyakazi ananunua Luku, bando, na betri ya kumvusha umeme ukikatika. Sioni hoja ya kutetea hilo. Bando ni kitendea kazi kama ilivyo meza, na mwajiri aliyeokoa pango anaweza kulilipia.

Na saa za usiku? Anayefanya kazi na timu ya San Francisco anajua kwamba kikao chao cha saa tatu asubuhi kwetu ni saa moja jioni, na kuanzia Novemba hadi Machi, wakirudisha saa nyuma, ni saa mbili usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili hiyohiyo hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inadai nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Inaweka pia ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini vijana wengi wanaofanyia kazi makampuni ya nje wameandikishwa kama wakandarasi huru, kwa hiyo kinga hiyo haiwafikii. Kiongozi mwenye utu atazungusha saa za vikao, ili wiki nyingine aamke alfajiri yule wa California.

Narudi kwa wageni, maana hao ndio wanaolipa bei kubwa kuliko wote. Kampuni ya Andela ilianza Lagos 2014, ikafika Nairobi 2015, ikichukua vijana wasio na uzoefu na kuwafundisha kuunda programu chini ya paa moja, wakihudumia makampuni ya nje kutoka hapo. Septemba 2019 ikatangaza kuachana na vijana wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba wateja wanataka wenye uzoefu. 2020 ikafunga majengo yake na kuwa kampuni ya mbali kabisa. Kwa mwenye uzoefu mlango ulifunguka kuliko zamani, kwani sasa aliweza kuomba kazi akiwa popote Afrika. Anayeanza alibaki na swali gumu: uzoefu huo atauchuma wapi, ikiwa hakuna chumba cha kukaa karibu na anayejua?

Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya kumpokea mtu mpya, niliandika ombi la bajeti: wiki sita za mwanzo akae nasi Dar es Salaam, nauli na malazi yakilipwa na ofisi, ndipo arudi kwao na aendelee kutoka huko. Nikapewa wiki tatu. Binti aliyekuja, kutoka Dodoma, nilimkalisha meza moja nami. Siku ya pili alikwama, akaugeuza uso kabla hajasema neno, nikajua. Wiki hizo zimekwisha na amerudi kwao. Kila siku saa nne asubuhi, 10:00, nampigia kwa dakika kumi. Nakaa kimya mpaka aseme alichokwama nacho, na ombi la zile wiki tatu zilizobaki nimelipeleka tena.