Fedha za mafuriko: kalvati la Pemba na mtaro wa Mwanakwerekwe

Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, ilipata jina hilo kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiitenga na Mji Mkongwe. Mkono ule ulifukiwa zama za Waingereza, daraja likatoweka, tukabaki na jina la Darajani. Nimeanzia huko kwa sababu kila masika tunalalamika kuwa maji yameingia mjini, ilhali mahali pengi ni mji ulioingia kwenye njia ya maji.

Barabara zinapokatika, mabishano huwa yaleyale. Wako wanaotaka fedha za serikali ziende kwanza kwenye matengenezo. Wengine wanaona huko ni kutwanga maji kwenye kinu: bora kuchimba mitaro mikubwa na kuwahamisha watu wa mabondeni.

Wa kwanza wana hoja nzito, hasa kwa Pemba. Kisiwa kile ni vilima na mabonde, na ziko njia za vijijini zinazovuka bonde juu ya kalvati moja tu, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara. Likichukuliwa na maji, gari haina pa kuzungukia. Mjamzito anayetakiwa kufika hospitali ya Wete au Chake Chake hawezi kusubiri upembuzi wa mradi wa miaka miwili. Anayesema kinga kwanza aanze kwa kumjibu huyo. Hata hivyo, kalvati lililong'oka kwa udogo wake likirudishwa kwa kipenyo kilekile, masika yajayo tutalilipia tena.

Kwa Unguja mjini mizani inageuka. Sehemu kama Mwanakwerekwe ni mfano wa bakuli: maji yakishaingia hukaa mpaka yanywewe na ardhi. Hapo lami mpya peke yake haisaidii kitu, sharti maji yapelekwe baharini. Ndiyo maana mradi wa huduma za miji ulioanza 2011, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 38 ulioongezwa baadaye milioni 55, uliweka mitaro ya maji ya mvua katika kazi zake kubwa. Mkopo ni deni, na deni litalipwa na watoto wetu. Lakini maji yanayoingia chumbani Ng'ambo si ya mvua pekee, yamechanganyika na ya makaro, na hofu ya kipindupindu nayo ina gharama yake.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 Mjini Magharibi, karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773. Kila ua unaotiwa saruji ni maji zaidi mtaroni, kwa hiyo hata mtaro mzuri wa leo utazidiwa. Kuhamisha watu nako ni rahisi kutamka. Mtu aliyepewa kiwanja mbali na kazi yake atakiuza, arudi kupanga kulekule bondeni.

Ninaloliona mimi ni kwamba pande zote mbili zinalisahau fungu dogo kuliko yote: kuzoa mchanga na taka mitaroni. Kazi hii haina utepe wa kukata. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, vuli inaingia Oktoba, masika Machi. Basi mitaro inatakiwa iwe safi Septemba, na tena Februari, kwa fungu lake lenyewe lisilohamishwa. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wakikaa kwenye bajeti, waliulize hilo kabla ya kuuliza kilomita za lami.

Na barabara isitengewe fedha za ukarabati mpaka mchoro wake uonyeshe maji yatatokea wapi. Najua gharama itapanda na kilomita zitapungua. Kuna vijiji vitakavyosubiri zaidi, na ni haki yao kukasirika. Kwa hiyo foleni ipangwe hadharani, na mbele zikae zile njia za Pemba zenye kalvati moja.