Betri ya moyo imewekwa, hofu nani anaitibu?

Mjomba wangu aliwekewa betri ya moyo, ile inayoupiga moyo shoti ya umeme ili kuuokoa, mapigo yakienda mbio kwa namna ya kuua. Kidonda kilipona haraka. Usingizi ndio uligoma. Alilala amekaa kwenye kochi, akisubiri shoti ambayo haijampiga hata mara moja. Akaacha kupanda ngazi, akawa anaoga mlango wazi. Kliniki ni kila baada ya miezi sita: wanapima mashine, wanasema iko sawa, mwingine aingie.

Mashine iko sawa, ndiyo. Mtu je?

Mgonjwa wa kwanza aliwekewa kifaa hiki Baltimore, Marekani, mwaka 1980, kwa hiyo hofu hii si ngeni kwa madaktari. Wapo wanaoamka usiku wakiapa wamepigwa shoti, kumbe kumbukumbu ya mashine haina kitu.

Ndiyo maana naunga mkono msaada wa mtandaoni: mshauri anayepiga kwa video, na kundi la WhatsApp la wenye betri wenyewe. Saa nane usiku kliniki imefungwa, lakini mwenzako mwenye kovu kama lako huenda yuko macho.

Sharti langu ni moja, awemo nesi. Bila yeye, hazipiti siku mbili kabla hujasikia voisi ya mtu akisema simu imelipua betri ya jirani yake. Simu hailipui kitu. Isikae tu mfuko wa shati juu ya kifaa, iwe mbali kama sentimita 15. Na juu ya kundi ubandikwe ujumbe huu: shoti moja na unajisikia vizuri, mpigie daktari wako, shoti mbili au zaidi, au unajisikia vibaya, hospitali sasa hivi. Mjomba hakuwahi kuambiwa hata hilo.

Kwa kukosa kundi, nilimtumia video ya Christian Eriksen, mwanasoka wa Denmark. Alianguka uwanjani Copenhagen Juni 2021, moyo ukasimama, akawekewa kifaa cha aina hiyohiyo. Februari 2022 alikuwa anachezea Brentford, klabu ya Uingereza. Mjomba, shabiki wa mpira tangu utoto, aliirudia mara tatu.

Kisha akanipigia. "Sasa mjomba, mpira ukimgonga kifuani je?"

Sikuwa na jibu. Hilo ni swali la nesi, na miadi ya mjomba kliniki ilikuwa imebaki miezi minne.