Kitufe kilichokataa kukua

Mteja mwenye tovuti iliyokwisha, inayofanya kazi, hakuna hata mtu mmoja anayeilalamikia, akikupigia akasema "kuna kitu kidogo tu nataka uniwekee sawa", jua siku yako imeisha. Huyu wangu alitaka maandishi ya kitufe cha "Wasiliana nasi" yakue kidogo. Tovuti yenyewe hata sikuijenga mimi, ilijengwa na jamaa ambaye alishaondoka zake, na bosi akanipa sharti moja akalirudia mpaka nikalikariri: kijana, usiguse kingine chochote.

Sasa mimi kwa uoga hunifikii. Nikachukua bekapu, nikatengeneza nakala ya tovuti pembeni ya kujaribia, nikafungua faili la CSS, lile linalopanga mwonekano wa tovuti, na kwa kweli yule jamaa Mungu anamwona, kila mstari kaupachika !important, yaani amri hii izipite zingine zote, sijui alikuwa anagombana na nani. Nikautafuta ule mmoja wa kitufe, umeandikwa 16px, ndo ukubwa wa herufi huo, nikaweka 18px, nikaangalia kwenye simu, nikaangalia kwenye kompyuta, safi, nikapandisha mtandaoni. HTML, faili la ukurasa wenyewe, sikuigusa hata nukta, si nimekatazwa.

"Bosi tayari, hebu angalia."
"Naangalia. Hakijabadilika."
"Refreshi bosi."
"Nimerefreshi. Kiko vilevile."

Kwangu kimekua, kwake hakijakua, na mwenye hela ni yeye. Nikaweka 20. Bado. Nikaweka 24. Bado, tena safari hii akaniuliza, kwa ule upole wa kutisha, eti hii kazi niliisomea wapi. Nikamwambia basi bosi bonyeza Ctrl, Shift na R, hiyo ndo refreshi ya nguvu. Kimya. Nasikia kibodi, tak, tak, tak.

"Nimebonyeza zote."
"Kwa pamoja?"
"Aah, moja moja, ili nisikosee. Sasa hapa kwenye kisanduku cha kutafuta imetokea herufi r. Ndo badiliko lenyewe hili?"

Nikaona isiwe taabu. 32. Bado. 48! Kwenye skrini yangu kitufe kimeshalalia menyu, kinatafuta nembo ya kampuni, na bosi bado yuko kwenye simu anasema ongeza kijana, usiogope, ongeza. Mara nikasikia nyuma yake dada wa mapokezi: "Bosi, kuna watu wanapiga wanasema tovuti yetu imekuwa kitufe kitupu." Bosi akamjibu kwa hasira, "Kitufe gani? Hichi kidogo hata hakionekani?"

Hapo ndo nikaenda kuangalia seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, inasema nini, nikakuta jamaa aliacha Cache-Control: max-age=31536000. Hizo ni sekunde. Piga hesabu, siku 365. Yaani brauza ya bosi iliambiwa kaa na hilo faili la CSS mwaka mzima usimuulize mtu, nayo imetii. Na ukirefreshi kawaida, Chrome inaiuliza seva habari za ukurasa wenyewe tu, CSS na picha inajichukulia kwenye kache, stoo yake ya mafaili iliyokwisha kuyashusha. Mimi kwenye brauza yangu kache nimeizima, kazi ndo inavyotaka, na wale wateja wapya walikuwa wanaingia mara ya kwanza kwa hiyo wanashushiwa kitu kibichi kabisa. Kwa hiyo tovuti moja, saa hiyo hiyo, bosi anaona 16 na wengine wote wanaona 48, na kila mtu anaapa.

Dawa yake ni rahisi, pale HTML inapoliita faili la CSS unaongeza ?v=2 mwishoni, brauza inadhani ni faili jipya, inalishusha upya. Ila sasa hiyo ni kugusa kitu kingine. Ikabidi niombe ruhusa. Bosi akafikiria weee, akasema haya, kimoja tu. Nikaweka, nikawa naelekea kurudisha ile 48 iwe 18, kumbe mwenzangu hajasubiri, kesharefreshi.

"EEEH! Sasa hapo! Hapo hapo! Usiguse tena!"

Anacheka mwenyewe. Nikajaribu kumwambia bosi kimeziba menyu, akasema menyu nani anaisoma.

Nikakaa nikafikiria. Lile faili la v=2 analo tayari, na sharti la mwaka mmoja liko palepale. Nikarudisha 18, nikapandisha, namba ya v sikuigusa, wala sikupiga simu. Waliofungua baada ya hapo wanaona kitufe cha kawaida chenye adabu zake. Bosi anaona lidude lake na amenilipa yote bila kunisumbua. Nasikia juzi dada wa mapokezi alimwambia kitufe mbona kiko kawaida tu, akamwambia akapime macho.