Diwani Anaulizwa, Uamuzi Uko Kwingine

Mvua zinapokolea Rungwe na lori la ndizi likakwama kwenye utelezi, anayeulizwa ni diwani wa kata. Lakini barabara hiyo haimo tena mikononi mwa halmashauri yake: tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, wakala wa Serikali Kuu, na mwaka 2019 maji ya vijijini nayo yakakabidhiwa RUWASA, wakala mwingine wa Serikali Kuu. Kodi ya majengo ilikuwa imekwisha kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na leo mwananchi huikatwa anaponunua umeme wa LUKU.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, mvutano huu kati ya Serikali Kuu na halmashauri si mgeni. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kwa sera iliyoitwa, ajabu kidogo, Madaraka Mikoani, na za wilaya zikarejea mwaka 1984 baada ya sheria mpya za 1982.

Wanaotetea Serikali Kuu wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri huku Nyanda za Juu Kusini. Kama kila halmashauri ingejitegemea kwa mapato yake, Jiji la Mbeya lenye masoko makubwa lingesonga mbele, na Busokelo, iliyomegwa kutoka Rungwe, ingebaki nyuma. Mwaka 2021 Bunge liliongeza Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Halmashauri hazina mamlaka ya kutoza tozo kama hiyo, hata zikiungana. Mhandisi aliye chini ya wakala, tena, ana nafasi nzuri zaidi ya kukataa shinikizo la mwanasiasa anayetaka greda lipite kwanza kijijini kwake.

Ushuru wa mazao unaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Mkulima aliyechoshwa na mageti ya ushuru alipata nafuu ya kweli, na sidhani kama halmashauri zenyewe zingempa. Lakini kwa wilaya ya mpunga kama Mbarali, kiwango kinachopangwa Dodoma kinaamua mapema kiasi ambacho madiwani watakuwa nacho mezani.

Kwa maoni yangu, fedha na wahandisi wanaweza kubaki Serikali Kuu. Uamuzi wa barabara ipi ianze haufai kubaki huko. Ushauri wa madiwani hautoshi, hasa kwa kuwa hata mkurugenzi wa halmashauri yao ni mteule wa Rais, si mtu waliyemchagua wao. Orodha ya kazi za TARURA ya kila mwaka ingepaswa kupigiwa kura na Baraza la Madiwani, na meneja wa wakala akitaka kuibadilisha, aje mbele ya baraza hilo na sababu zake kwa maandishi, wananchi wakiwa wamekaa humo ndani wakisikiliza.