Barabara ina vigingi, mto hauna

Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetele likafukia nyumba kule Itezi, jijini Mbeya. Tangu siku hiyo, kila mvua ikikaza, ubishi uleule hurudi vijiweni: jiji libomoe nyumba za mabondeni na za miinuko, au liwaache watu na viwanja vyao?

Sheria imeshajibu, angalau kwa upande wa mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu kingo na chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo ikashikilia umbali huohuo.

Wanaotaka sheria ikazwe wana hoja nzito. Mbeya imekaa chini ya Mlima Loleza, na vijito vyake vinateremka kwa kasi katikati ya makazi. Mvua huanza Novemba na kukaza hadi Aprili. Ukingo ukishafyekwa na kulimwa mahindi mpaka majini, udongo unaondoka na maji kuelekea Mto Songwe na mwisho Ziwa Rukwa. Na hapohapo jiji linafuata maji ya Mto Kiwira, Rungwe, kwa gharama kubwa. Kuharibu vijito vya nyumbani huku unavuta bomba kutoka wilaya nyingine ni hesabu ambayo sijawahi kuielewa.

Lakini tupige na hesabu ya upande wa pili. Mita 60 kila upande ni upana wa mita 120. Kwa kilomita moja tu ya mto hizo ni hekta 12, karibu ekari 30. Ukikata viwanja vya mita 20 kwa 30, unapata viwanja 200 kabla hujatoa barabara. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 jijini. Ya 2022 ikakuta 541,603. Watu hao walihitaji pa kulala, na wengi hawakusubiri upimaji. Walinunua kipande cha shamba kwa karatasi ya mauziano, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Hapo ndipo ninapowakatalia wanaosema "walijua". Mwenye muhuri wa mtaa mkononi ana haki ya kuamini kwamba serikali imemwona.

Sasa itazame barabara kuu ya kwenda Tunduma inavyokata jiji. Fundi yeyote anajua hifadhi ya barabara inaishia wapi, maana vigingi anaviona. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, walioangukia kwenye nyongeza waliwekewa X ya kijani, alama ya kulipwa fidia. Nyekundu ni ya mvamizi. (Fidia kuchelewa ni kilio kingine.) Mto hauna kigingi wala rangi mbili. Aliyejenga kabla ya 2004 na aliyemwaga msingi mwaka jana usiku wanaitwa jina moja, wavamizi wa chanzo cha maji, na wote wanasubiri X moja.

Kwa hiyo upande wangu ni huu: mita 60 zibaki, lakini kwanza zionekane. Jiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, yenye makao yake hapahapa Mbeya, wapime kingo, wasimike vigingi, kisha mwenyekiti wa mtaa atakayegonga muhuri ndani ya vigingi awajibike yeye kabla ya mnunuzi. Waliotangulia sheria wapewe kijani.

Iringa hesabu inabadilika kidogo, kwa sababu ya vinyungu. Bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, ikaota mboga na mahindi ya kuchoma, si sawa na nyumba ya zege, na maneno "za kudumu" yanaacha nafasi ya kuitofautisha. Afisa anayefyeka kinyungu cha mama mmoja huku juu yake shamba la milingoti linaendelea kunywa maji mwaka mzima, ameanza na anayemuweza. Hata hivyo kinyungu kinachomwagiwa dawa za wadudu mita mbili kutoka majini sitakitetea. Hicho kinaangukia kwenye sehemu ya pili ya katazo, kudumu au kutodumu.

Linabaki suala la Kawetele. Tope lile lilitoka mlimani, na kamba ya mita 60 hupimwa kutoka mtoni. Kwa miinuko kinachotakiwa ni ramani ya mteremko, inayobandikwa ofisi ya kila mtaa pale watu wanapoandikishiana mauziano, si kufungiwa kabatini kwa mipango miji.